UZI: Steve Dalkowski, mkono wa ajabu ulioishia ligi ndogo miaka 9 (mrefu kidogo, kaeni mkao)

Mwana_Pangani:

Wakuu salaam. Najua humu besiboli haina wenyewe wengi, ila kuna mtu mmoja wa mchezo huo nimemfuatilia muda mrefu na naona ni dhambi kukaa na habari zake peke yangu. Anaitwa Steve Dalkowski. Wachezaji wengi waliosimama mbele yake na rungu, na wengine walikuja kukutana na warushaji wakubwa wote wa zama zao, mpaka wanazeeka walikuwa wanakwambia hawajaona mtu anarusha mpira kwa spidi ile. Na huyo mtu hakucheza ligi kuu hata mechi moja. Miaka 9 yote, 1957 mpaka 1965, aliimalizia ligi ndogo, akashinda mechi 46 akapoteza 80.

Niseme mapema ninachoamini ili tusipotezeane muda. Wengi wakimsimulia jamaa wanamfanya kichekesho, eti chizi fulani alikuwa anarusha mipira mpaka jukwaani, au wanamaliza kwa neno moja, pombe. Mimi nakataa. Kipaji kilikuwepo na nidhamu ya kazi ilikuwepo, alichokosa ni mtu wa kuutunza ule mkono na kumtunza yeye mwenyewe. Twende taratibu mtaona.

Kwa wageni wa mchezo: mrushaji anasimama juu ya kichuguu cha udongo, mita 18 na nusu hivi kutoka kwa mpigaji. Straiki ni mpira uliopita ndani ya eneo la kupigia au aliojaribu kuupiga akaukosa, mpigaji akikusanya 3 katoka. Mrushaji akitupa nje ya eneo mara 4, mpigaji anatembea zake bure mpaka beisi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza cha kukimbilia. Mpira ukija kwa kilomita 160 kwa saa unamfikia mpigaji ndani ya kama sehemu 4 za 10 za sekunde, ukipepesa tu umepita. Na kule kila timu kubwa ina timu zake ndogo chini yake, za ngazi tofauti, zimetawanyika kwenye vimiji huko, timu yenyewe haipandi daraja kama Championship yetu, anayepanda ni mtu, na anayemshusha ni ofisi ya juu, anapigiwa simu tu leo hii panda basi nenda mji fulani.

Nyundo ya Mbezi:

Nimeweka kiti mbele kabisa mkuu. Shusha.

Mwana_Pangani:

Dalkowski kazaliwa tarehe 3 Juni 1939, New Britain, jimbo la Connecticut. Hakuwa pande la mtu, alikuwa na mwili wa kawaida tu, macho mabovu anavaa miwani minene, anarushia mkono wa kushoto. Sekondari alikuwa anacheza pia ule mpira wao wa Kimarekani, na kwenye besiboli kuna mechi moja aliwatoa watu 24 kwa straiki. Maskauti walikuwa wanakuja kama nzi. Baltimore Orioles, timu ya ligi kuu, wakamsaini 1957, akiwa ndo kwanza kamaliza shule, kwa dola 4,000. Hiyo hela msione ndogo, wakati ule timu ikimpa dogo zaidi ya 4,000 kanuni inailazimisha ikae naye kwenye kikosi cha ligi kuu miaka miwili, kwa hiyo zote zilikuwa zinaishia hapo hapo kwenye karatasi. Inasimuliwa kuna cha pembeni alipewa na gari juu.

Wakampeleka Kingsport, Tennessee, ngazi ya chini kabisa. Sasa sikilizeni namba za msimu wake wa kwanza maana mimi nikizisoma huwa narudia kuhakikisha. Iningi 62 (iningi ni kipande cha mchezo, mechi ya kawaida ina 9). Watu aliowatoa kwa straiki 121. Watu aliowatembeza bure 129. Mipira iliyompita mdakaji wake (anayekaa nyuma ya mpigaji) kabisa ikaenda zake, 39. Kashinda mechi 1 kapoteza 8. Yaani karibu kila anayekuja mbele yake ama anatoka bila kugusa mpira ama anatembea bure bila kugusa mpira, wale wenzake uwanjani nyuma wanasimama tu wamejishika kiuno.

Tarehe 31 Agosti mwaka huo huo, wanacheza na Bluefield. Akawatoa 24 kwa straiki. Mechi nzima timu inatakiwa kutolewa watu 27, yeye 24 kawamaliza peke yake. Na akapoteza mechi, 8 kwa 4. Kwa sababu alitembeza 18 bure, akawagonga na mpira watu 4, na mipira 6 ikampita mdakaji.

mamaTatu:

Subiri kwanza kaka. 24 mara straiki 3 ni 72. Na 18 mara mipira 4 ni 72 nyingine. Hiyo ni mipira 144 kwa uchache kabisa, bado waliogongwa, bado waliopiga, bado zile zinazoguswa zikaenda pembeni. Mtoto wa miaka 18?

Mwana_Pangani:

Dada umeliona lenyewe, na mimi nilikuwa nalielekea. 144 ni kima cha chini ambacho hakiwezekani kabisa kikawa ndo halisi, lazima ilikuwa zaidi sana. Leo hii mtu mzima wa ligi kuu, analipwa mamilioni ya dola, akigusa mipira 100 kocha kashanyanyuka kwenye benchi anatembea kuja kumtoa. Huyu ni dogo wa miaka 18, mwezi wa nane, ana miezi mitatu tu tangu atoke sekondari, na hakuna aliyesema basi inatosha. Haikuwa siku moja hiyo. Ilikuwa ndo maisha yake.

Twende Stockton, California, 1960. Iningi 170, katoa kwa straiki 262, katembeza bure 262. Namba hiyo hiyo pande zote mbili. Piga hesabu yako ile ile dada, ni mipira zaidi ya 1,800 kwa hao watu tu, wengine wote hujawahesabu.

mamaTatu:

1,834. Masikini.

ChuiMweusi:

Mkuu nakuheshimu ila tuwe wakweli, mtu anayetembeza bure watu 262 si ana tatizo yeye mwenyewe? Spidi bila shabaha ya nini. Hata huku winga anayekimbia kama upepo halafu krosi zote zinaenda kwenye mabango unamweka benchi.

Mwana_Pangani:

Swali zuri na nakujibu kwa kirefu, maana hapa ndo penyewe.

Hakuna aliyebisha kwamba shabaha hana. Swali ni walimfanya nini. Orioles walikuwa na watu wenye akili za mchezo, Paul Richards ndo alikuwa meneja wa timu kubwa, alisifika kwa kulea warushaji. Na kila mmoja aliyekutana na dogo alikuja na dawa yake. Mmoja anamwambia badili mkono unavyouzungusha. Mwingine anasimamisha wapigaji wawili, mmoja kila upande wa beisi, eti apite katikati. Mwingine anampa ubao wa shabaha arushie kwa karibu, ule ubao haukudumu. Mwingine anaona spidi ndo shida, kwa hiyo anamrushisha muda mrefu kabla ya mechi ili achoke apunguze. Hebu fikirieni hiyo ya mwisho. Mkono ndo mtaji wake pekee duniani na dawa waliyoiona ni kuuchosha kabla hajaingia kazini.

Na kuna jambo la Kingsport ambalo watu wanalipita haraka. Mwaka ule wa kwanza mpira wake ulimpata mpigaji mmoja kichwani, ukamwumiza vibaya hata sikio. Waliocheza naye wanasema baada ya hapo dogo alikuwa na hofu ya kuua mtu, akawa anatupia mbali na mpigaji. Hilo hata ubao wa shabaha haulitibu. Alihitaji mtu wa kukaa naye chini kuongea.

Halafu kuna kile kipimo cha spidi. 1958 wakampeleka kwenye kituo cha jeshi, Aberdeen Proving Ground kule Maryland, kwenye mitambo ya kupimia. Kichuguu hamna, anarushia kwenye ardhi tambarare. Jana yake alikuwa karusha mechi. Na ile mashine inasoma mpira ukipita kwenye kieneo kidogo tu, sasa mtu mwenyewe ndo huyo, wakahangaika kama dakika 40 mpaka mmoja ukapita. Ikasoma maili 93.5, kama kilomita 150 kwa saa. Basi kuna watu mpaka leo wanaitumia namba hiyo kusema jamaa alikuwa wa kawaida. Mkono umechoka, kichuguu hakuna, kashatupa dakika 40, anapunguza ili apitishe, halafu ndo unasema umepima!

Nyundo ya Mbezi:

Kwa hiyo mkuu wewe unaamini alikuwa anarusha ngapi? Maana nimegugo naona wengine wanasema 110 maili.

Mwana_Pangani:

Cal Ripken mzee, aliyekuwa mdakaji wake, alikuwa anasema hata zaidi ya hapo. Mimi nina mashaka. Rekodi ya kupimwa ni ya Aroldis Chapman, maili 105.8 mwaka 2010, kama kilomita 170. Kama Dalkowski alifika 100 na ushei kwa vifaa vya miaka ile na mwili ule, tayari ni muujiza, hahitaji kuongezewa chumvi. Kuna hadithi nyingi, kavunja barakoa ya refa, kapasua uzio wa mbao, mpigaji nguli Ted Williams kakataa kusimama tena mbele yake. Hizo nawaachia wapenda hadithi. Namba za kwenye vitabu zinatosha kukutoa jasho.

Kocha wa Lugazi Road:

Wazee wangu natoka Uganda hapa, besiboli kwetu ipo, nafundisha vijana. Uzi mtamu sana. Lete Earl Weaver, nasikia yeye ndo alimponya.

Mwana_Pangani:

Karibu sana kocha, umefika penyewe.

1962 wakampeleka Elmira, New York. Meneja pale ni Earl Weaver, mfupi, mkali, mdomo mchafu, baadaye atakuja kuwa mmoja wa mameneja wakubwa katika historia ya Orioles na kuwapa kombe la dunia la kule kwao 1970, ila wakati huo naye anahangaika huko huko chini. Weaver akawapa wachezaji wake wote jaribio la akili. Matokeo ya Dalkowski yakaja chini kabisa. Mwingine angecheka, au angempigia simu bosi amfukuze. Weaver akaona kitu kingine. Akasema kumbe huyu kijana miaka yote hii tunamjaza maelekezo kumi kichwani kwa mpigo na hawezi kuyashika yote, tatizo ni sisi tunavyomfundisha.

Akamwondolea mzigo. Rusha aina mbili tu za mpira, ule wa kasi na slaida (unaopinda ukimkaribia mpigaji), mambo ya kubadilisha spidi kila mara achana nayo. Punguza kidogo, pitisha katikati, hata ukipunguza bado hawauoni. Na mpigaji akishakuwa na straiki mbili, mimi hapa benchi ntapiga mluzi. Ukisikia mluzi, achia yote uliyonayo.

Basi. Mluzi.

Msimu ule iningi 160, kawatoa kwa straiki 192, waliotembea bure wakashuka mpaka 114. Mara ya kwanza katika maisha yake anatembeza watu wachache kuliko iningi alizorusha. Wastani wa mbio (yaani pointi) anazofungwa kwa iningi 9 ukawa 3.04, wakati ule wa kazi yake yote ukihesabu ni 5.57. Mechi 6 alimaliza mwenyewe bila kufungwa hata mbio moja. Na ile sehemu ya mwisho ya msimu alikuwa hashikiki, iningi 37 mfululizo hakufungwa.

ChuiMweusi hilo ndo jibu langu kwako. Spidi ile ile, mtu yule yule, macho yale yale mabovu. Kilichobadilika ni mwalimu aliyejua anaongea na nani.

ChuiMweusi:

Hapo nimekuelewa. Sikuijua hiyo ya mluzi. Sasa mbona hakupanda?

Mwana_Pangani:

Alipanda. Karibu.

Machi 1963, kambi ya mazoezi Florida kabla ya msimu, Orioles wamempa nafasi, kila mtu anajua mwaka huu dogo anakwenda na timu kubwa. Siku ile ile ya mechi na Yankees wa New York, inasimuliwa asubuhi yake walikuwa wamempima jezi ya ligi kuu. Kampuni ya Topps ilikuwa na kadi yake ya mwaka huo kama chipukizi wa kuangaliwa, ile kadi ipo mpaka leo watu wanauziana. Akaingia, akamtoa Roger Maris, huyo Maris miaka miwili nyuma alikuwa kapiga homu rani 61 (mipira inayopigwa mpaka nje ya uwanja) msimu mmoja, rekodi. Iningi zinaendelea. Kuna wanaosema ni slaida aliyomrushia mpigaji, kuna wanaosema ni pale alipookota mpira mfupi akautupa beisi ya kwanza. Vyovyote vile, kiwiko kikalia.

Ndo ikawa hivyo. Mpira haukuwahi kutoka tena kama zamani. Wakamrudisha chini, 1964 akawa anazungushwa timu hii na ile, Orioles wakamwacha, 1965 akamalizia kwenye timu za Angels huko California. Ana miaka 26.

Fundi Viungo:

Naomba niingie hapa, mimi ni mtu wa fiziotherapia, wagonjwa wangu wengi ni wa bega na kiwiko (wachezaji wa mikono, wapiga rangi, na wanaofua nguo kwa mkono kila siku).

Mtu akirusha kitu kwa nguvu zote, kuna sekunde fulani mkono umepinda nyuma halafu unafyatuka mbele, na upande wa ndani wa kiwiko unavutwa sana. Kuna kano pale inashikilia mfupa wa juu na wa chini. Misuli ya mkono wa mbele ndo inaisaidia isibebe mzigo peke yake. Misuli ikichoka, msaada unapungua, kano inabeba yenyewe. Ndo maana idadi ya mipira ina maana kuliko watu wanavyofikiria. Mpira wa 140 si sawa na mpira wa 10 hata kama spidi ni ileile. Na mtu akishasikia kiwiko kimelia, mara nyingi kano ilishaanza kuchanika kidogo kidogo muda mrefu nyuma.

Mwana_Pangani:

Asante sana fundi. Na ongezea hili wakuu: Septemba 1974 kule Los Angeles daktari Frank Jobe alimfanyia mrushaji Tommy John upasuaji ambao haukuwahi kufanyika, akachukua kano kwenye mkono mwingine akaishonea kiwikoni. Tommy John akarudi 1976, akaendelea mpaka 1989, akashinda mechi 164 baada ya ule upasuaji, nyingi kuliko alizoshinda kabla. Leo warushaji kwa mamia wamefanyiwa. Kati ya kiwiko cha Dalkowski kulia na upasuaji ule ni miaka 11. Yeye tiba yake ilikuwa kupumzika kidogo, kupakwa dawa, kurudi kurusha.

mamaTatu:

Na baada ya hapo ikawaje? Alikuwa na hela? Na hao wa ligi ndogo walikuwa wanalipwaje kwanza.

Mwana_Pangani:

Hela hakuwa nayo dada. Alioa mwalimu, ndoa haikudumu. Pombe alikuwa anakunywa tangu anacheza, hilo silifichi, timu nzima ilikuwa inajua na wenzake ndo walikuwa wanakunywa naye. Mpira ulipoisha akaingia mashambani kule bonde la San Joaquin California, kuchuma pamba, machungwa, aprikoti, kazi za vibarua wa kuhama hama wengi wao Wameksiko. Kuna jambo alikuwa analifanya shambani ambalo likishanikaa kichwani halitoki. Ananunua chupa ya mvinyo, anakwenda kuiweka mwisho wa mstari wa mimea, halafu anarudi mwanzo anaanza kuchuma kuifuata. Akifika anakunywa, anaihamishia mwisho wa mstari unaofuata.

Chama cha kusaidiana wachezaji wa zamani kilimlipia tiba na kumtumia hela mara kadhaa, alikuwa anaacha, anarudi. Mkesha wa Krismasi 1992 akaokotwa Los Angeles hajitambui vizuri, kwenye sehemu ya kufulia nguo. Ubongo ulishaathirika na pombe, miaka yote tangu katikati ya sitini haikumbuki. 1994 dada yake akamrudisha New Britain akamweka kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa. Walidhani hana muda. Akaishi miaka mingine 26, ameacha pombe, anaangalia mechi, anatembelewa na waliocheza naye. 2003 Orioles wakamwita Baltimore akarusha mpira wa heshima kabla ya mechi. Amefariki tarehe 19 Aprili 2020, miaka 80, korona ilimkuta na maradhi mengine.

Mzaramo_Connecticut:

Mimi naishi dakika chache kutoka New Britain mkuu. Mji wa viwanda vya vifaa vya chuma, Stanley wale wa mafundi walianzia pale, na mtaa wa Broad umejaa Wapolandi, mabango ya maduka yameandikwa Kipolandi. Wazee wa pale ukiwatajia Dalkowski wanasimama wima. Hakuna anayeanza na pombe. Wanaanza na mechi za sekondari.

Mwana_Pangani:

Nafurahi sana kusikia hivyo, asante kaka.

Sasa malipo. Huo mfumo haukuisha na Dalkowski. Kuna mrushaji mwingine anaitwa Garrett Broshuis, San Francisco Giants walimchukua 2004, akacheza ligi ndogo mpaka 2009 akafika ngazi ya juu yake kabisa, naye ligi kuu hakuigusa. Alivyotoka akasomea sheria, na 2014 akawa wakili kwenye kesi ya kuishitaki ligi kwamba wachezaji wa chini wanalipwa chini ya kima cha chini cha mshahara wa nchi, na kambi ya mazoezi hawalipwi kabisa. Ligi ikapambana, 2018 Bunge la Marekani likapitisha kifungu ndani ya sheria ya bajeti cha kuwaondoa wachezaji hao kwenye ulinzi wa malipo ya saa za ziada. Mtu anasafiri kwa basi usiku kucha anacheza siku sita kwa wiki halafu anaambiwa wewe si mfanyakazi kama wengine. Kesi haikufa. 2022 ligi ikakubali kulipa dola milioni 185. Mwaka huo huo wachezaji wakajiunga na chama cha wafanyakazi, na mkataba wao wa kwanza katika historia ukapatikana Machi 2023. Ngazi ya chini yenye msimu mzima ikatoka kama dola 11,000 kwa mwaka ikaenda 26,200, ile ya juu kabisa ikatoka 17,500 ikaenda 35,800. Na nyumba wanapewa.

Mtu aliyekuwa anarusha mpira ndo aliyekuja kulifanya hilo. Kwangu mimi kazi ya Broshuis ni kubwa kuliko kombe.

ChuiMweusi:

Aisee. 11,000 kwa mwaka Marekani hata kodi ya chumba hulipi. Na timu zenyewe zina thamani ya mabilioni.

Nyundo ya Mbezi:

Lakini mkuu bado nauliza, kuna wenzake walikunywa pombe hizo hizo na wakafanikiwa. Huoni unamwondolea lawama yote?

Mwana_Pangani:

Simwondolei. Chupa alikuwa anainua mwenyewe. Ninachosema ni kwamba mwaka mmoja tu kati ya 9 alipata mtu aliyemsoma, na mwaka huo alikuwa miongoni mwa warushaji bora wa ligi yake. Miaka iliyobaki alikuwa mkono wa kujaribishia. Ukishamtumia kijana wa miaka 18 kwa mipira 150 usiku mmoja halafu ukamrudisha kwenye chumba cha hoteli ya bei rahisi na wenzake wa umri huo huo, hakuna mkubwa, usije kushangaa usiku anakwenda wapi.

Kocha wa Lugazi Road:

Mzee nakuuliza kitu cha kazi. Sisi hapa Uganda tumeanza kuona matunda, 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza lile kombe la dunia la watoto kule Pennsylvania, 2022 vijana wetu wawili walisainiwa na Dodgers, na mrushaji David Matoma alisainiwa na Pirates, zote timu za ligi kuu Marekani. Kwa hiyo sasa kila kijana anataka kurusha na kila kijana anataka skauti amuone. Nina mmoja ana miaka 17, mkono wake si wa kawaida. Jumamosi anarusha mechi nzima, Jumapili ananiomba tena. Na mimi warushaji sina wengi. Nimsimamishe wapi?

Mwana_Pangani:

Kocha, ligi kuu na shirikisho lao la besiboli walitoa mwongozo 2014 unaitwa Pitch Smart, uko bure mtandaoni, upakue uuchapishe. Miaka 11 na 12 mwisho mipira 85 kwa siku. 13 mpaka 16 mwisho 95. Wa 17 na 18 kama huyo wako mwisho 105, na akivuka 80 basi siku 4 hagusi kichuguu. Hata akirusha 31 tu, kesho yake anapumzika. Jumapili mwambie hapana, hata akinuna, hata kama mnafungwa.

Fundi Viungo:

Na mipira ya mazoezi uihesabu pia kocha, si ya mechi tu. Akikwambia kiwiko kinauma upande wa ndani usimpake kitu ukamrudisha, msimamishe umpeleke hospitali.

Kocha wa Lugazi Road:

Nimeelewa. Jumamosi iliyopita sikuhesabu, ila iningi zote 7 alizirusha yeye, na walitembea bure wengi.

Mwana_Pangani:

Basi wiki hii mpe beisi ya kwanza acheze pale, asirushe. Na tafuta mtoto mmoja anayependa namba akae na daftari pembeni ya benchi, kila mpira alama moja. Ikifika 90 akuonyeshe, uanze kumpasha mwingine.